Paka Mwonjaji wa Shangazi

Kuna sauti moja ambayo hata leo, na uzee wangu huu, ikinifikia huniachisha ninachokifanya. Ni ya paka anayejiandaa kutapika. Kile kikohozi cha chinichini, hok, hok, hok, tumbo likiingia na kutoka, shingo imenyooshwa mbele. Wajukuu zangu wana paka, naye siku nyingine hula majani uani akaja kuyatapika sebuleni, na wao hucheka na kukimbilia kitambaa. Mimi huinuka nikatoka nje. Wanadhani bibi yao ana kinyaa, nami nimewaacha wadhani hivyo. Ninyi nitawaambia.

Nilikulia Mbeya mjini. Babu mzaa baba alitoka pwani akifuata misafara, akaishia huku kwenye baridi, na kizazi chake chote kikaendelea kujiita watu wa pwani, ingawa katika nyumba yetu aliyewahi kuiona bahari alikuwa Shangazi peke yake, na yeye aliiona mara mbili. Baba alikuwa mnunuzi wa ngozi. Malori yalizileta kutoka Igawa, ngozi za ng'ombe wa Usangu, zimekunjwa zikiwa bado na damu pembeni. Nyuma ya nyumba palikuwa na banda refu la mabati ambamo zililowekwa, zikakwanguliwa, zikawambwa kwenye fremu za miti na kukaushwa kivulini. Sisi wa nyumbani hatukuisikia tena harufu yake. Wageni ndio waliokaa barazani wameshika leso puani, wakisingizia mafua ya Mbeya, na kwa kuwa mafua ya Mbeya kweli yapo, hakuna aliyewakatalia.

Paka aliletwa kwa ajili ya panya wa bandani. Alikuwa dume la rangi ya majivu, ncha ya mkia imekatika. Siku ya kwanza alipita chumba hadi chumba akinusa kila mtungi na kila pembe, na Baba akasema, "Huyu ni Bwana Afya." Siku hizo bwana afya halisi alipita majumbani kukagua vyoo na mitaro, na watu walimwogopa kuliko askari. Jina likashika. Majirani walikuwa wakisimama ukutani kutuuliza kama Bwana Afya ameamkaje, wakacheka wenyewe.

Mama yangu alifariki nikiwa na miaka saba. Shangazi, dada mkubwa wa Baba, ambaye alikuwa mjane kule Iringa, akaja na masanduku yake mawili kutulea, mimi na Baba, maana Baba naye alikuwa amelelewa na yeye tangu wazazi wao walipokufa. Alimwita "mwanangu" mbele za watu wazima wenzake, na Baba aliitika.

Baada ya mwaka na kidogo Baba akaoa. Alimwoa Mnyakyusa wa milima ya Tukuyu, binti wa Kikristo aliyesilimu akaitwa Zaina. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye mikono mikubwa ya kulima. Mimi niliambiwa nimwite Mama Mdogo. Kiswahili chake kilikuwa cha huku kwetu bara. Alisema "paka hii" na "maji ile," na Shangazi alikuwa akirudia maneno yake kwa sauti nyembamba mbele ya wageni, kila mtu akicheka, Mama Mdogo mwenyewe akiwa wa kwanza. Nilimpenda kwa jambo hilo la kucheka. Nawaambia ili mjue kwamba nilimpenda.

Mwaka huohuo mkaguzi wa ngozi alikuja bandani na dawa mpya, mapipa mawili. Ngozi zetu zilikuwa zikiliwa na wadudu kabla hazijafika bandarini, akasema zitumbukizwe humo kwanza. Baba akafuata. Wafanyakazi wa bandani walikatazwa kula humo, wakanunuliwa sabuni. Mambo ya bandani hayakuwa yakituhusu sisi wa jikoni, na nisingeyakumbuka kama si haya yaliyofuata.

Ikawa Bwana Afya anatapika. Mwanzo mara moja moja, na nani anashangaa paka kutapika. Kisha kila baada ya siku mbili, kisha kila siku. Alitapika kwenye mkeka wa kulia, alitapika ndani ya kiatu cha Baba, alitapika juu ya mswala wa Shangazi baina ya sunna na faradhi. Paka si najisi, alitufundisha Shangazi, hata maji aliyoyanywa unaweza kuyatawadhia, lakini matapishi yake ni jambo jingine. Kazi ya kufuta ilikuwa yangu. Nilinyunyiza majivu, nikakwangua kwa kifuu, nikamwaga maji, na yeye akikaa pembeni akinitazama kama mtu aliyeomba radhi na hakujibiwa.

Sasa hapa inabidi niwaeleze desturi ya Shangazi. Tangu Mama Mdogo aingie jikoni, Shangazi hakutia tonge mdomoni kabla ya paka. Alinyofoa kipande cha samaki au cha nyama, akamtupia Bwana Afya, akamtazama akila, akasema Bismillahi, ndipo akaanza. Alisema ni sadaka kwa kiumbe wa nyumbani. Lakini zama za mama yangu paka tuliyekuwa naye alipewa mifupa, tena mwisho. Mama Mdogo alikuwa akikaa mbele ya sinia analolipika mwenyewe, mikono mapajani, akisubiri paka amalize kumshuhudia. Baba alikula bila kuinua kichwa.

Basi unapompa paka mgonjwa chakula cha mtu kila siku, na paka mgonjwa anatapika kila siku, mtu wa namna gani hatapata jibu analolitaka? Shangazi alianza kusema kikulacho ki nguoni mwako. Alisema akitazama ukuta. Aliwaambia wanawake wa mtaani kwamba watu wa milimani wana mambo yao, na wanawake wa mtaani wakaacha kula kwetu.

Aliyemhurumia yule paka alikuwa mmoja tu. Mchana mmoja nilimkuta Mama Mdogo amechuchumaa nyuma ya jikoni, ana kipande cha mkaa juu ya jiwe la kusagia. Akaniambia, "Kwetu ng'ombe ikila majani mbaya, inanyweshwa hii. Paka hii imekula kitu, Tatu. Tumbo yake inaungua." Akanipa jiwe nikasaga. Nilipuliza, unga ukaturukia, tukawa na pua nyeusi sote wawili, tukacheka hata akajishika ukuta. Tuliutia kwenye maziwa mgando na Bwana Afya akalamba mpaka mwisho. Siku mbili tatu aliendelea hivyo, na paka kweli alipata nafuu kidogo. Ila usiku na mchana alikuwa akirudi kulala palepale alipopapenda, bandani, juu ya rundo la ngozi kavu, na akiamka alijilamba kutwa nzima, maana alikuwa paka msafi sana.

Halafu ikaja hitima ya Mama. Ilikuwa imetimia miaka miwili. Juzi yake Baba alifungua sanduku la Mama, akatoa doti ya kanga zake, zile nyekundu zenye doa jeupe, akampa Mama Mdogo avae siku ya shughuli ili asionekane mnyonge mbele ya watu. Nadhani alikusudia wema. Mimi nilikuwa nikilifungua sanduku lile kwa siri kila Ijumaa, nikizinusa kanga zile, na zilikuwa bado na harufu ya Mama. Asubuhi ya hitima nilimwona Mama Mdogo ameinama juu ya sufuria za pilau, kanga ya mama yangu imemezwa na moshi na vitunguu. 

Watu walikuja, hata wale walioacha kula kwetu, maana hitima haisusiwi. Hitima ikasomwa, dua ikaombwa, masinia yakawekwa. Shangazi akaniita mbele ya wanawake wote: "Tatu, niletee mwonjaji wangu." Wengine wakacheka. Nikaenda bandani nikamtoa Bwana Afya kwenye ngozi zake, nikampakata mpaka uani. Shangazi akamtupia mnofu. Akala. Hata watu hawajamaliza kunawa mikono, hok, hok, hok, akautapika pale pale katikati ya mikeka, na safari hii palikuwa na damu.

Hamjapata kuona chakula kikikataliwa kimyakimya.  Wanawake walijifuta mikono waliyokwisha kuilowesha, wakavuta buibui zao, wakasema wana wagonjwa nyumbani. Upande wa wanaume habari ilifika kabla ya sinia la pili. Pilau ya hitima ya mama yangu, sufuria tatu nzima, ilikwenda kufukiwa shimoni. Hata mbwa hawakupewa.

Alasiri tulikaa chumba cha wageni: Baba, Shangazi, mwalimu wetu wa chuo aliyebaki ili kuwe na mtu wa dini, na Mama Mdogo chini kwenye jamvi. Bwana Afya alikuwa amejilaza karibu na mlango. Shangazi akaniita nisimame katikati.

"Mwalimu," alisema, "mimi sitii neno. Mtoto hasemi uongo. Tatu mwanangu, umepata kumwona Mama yako Mdogo akimpa paka kitu kisichokuwa chakula?"

Nilikuwa nimemwona.

"Alimpa unga mweusi," nikasema. "Aliutia kwenye maziwa."

Mwalimu akasema lahaula. Mama Mdogo aliinua uso, na wallahi hakuonekana kuogopa. Alionekana kama mtu aliyefurahi kwamba sasa jambo litaeleweka. "Ni mkaa, Tatu," alisema. "Ni mkaa ile ya jikoni. Si tulisaga pamoja? Waambie. Baba Tatu, ni mkaa tu, kwetu tunanywesha ng'ombe."

"Mlisaga pamoja?" Shangazi akaniuliza.

Nilitazama ile kanga. Pindo lake lilikuwa limeungua kidogo kwa cheche ya moto, tundu dogo kama punje ya mtama.

"Sijui," nikasema.

Nimesema maneno mengi maishani, mengine mabaya, na mengi nimeyatubia. Hilo ndilo linaloniamsha. Mama Mdogo hakunibishia. Aliniangalia kidogo, kisha akamgeukia mumewe na kumngoja. Baba alikuwa anamtazama paka. Kwa muda mrefu alimtazama yule paka pale mlangoni, wala hakumtazama mkewe wala dada yake. Mwisho akapangusa uso kwa kiganja, akasema mbele ya mwalimu kwamba amemwacha.

Kesho yake asubuhi, ukungu ukiwa bado haujaondoka mlima Loleza, lori la kwenda Tukuyu lilipiga honi barabarani. Mama Mdogo alitoka na kifurushi kimoja. Kanga za mama yangu alikuwa amezifua usiku uleule, akaziacha zimekunjwa juu ya kitanda, bado mbichi, maana Mbeya nguo haikauki usiku. Hazikuwa tena na harufu ya Mama, zilinuka sabuni. Pale mlangoni aliniinamia. Nilidhani atanilaani. Alisema, "Maziwa ile ya paka imebaki kidogo kwenye kibuyu. Mpe jioni."

Niliyamwaga.

Na paka aliendelea kutapika. Hilo ndilo ninalotaka mlisikie vizuri. Aliyeambiwa ni mchawi wa jikoni ameondoka, Shangazi anapika kwa mikono yake mwenyewe, na paka anatapika vilevile, tena zaidi.  Shangazi aliacha tu kumtupia tonge la kwanza. Siku moja nilithubutu kumwuliza, akanijibu kwamba sumu ikishaingia mwilini haitoki, basi. Mwezi haukuisha, Bwana Afya akakutwa amekufa juu ya ngozi.

Baba alikwenda kumwondoa mwenyewe. Nilisimama mlangoni mwa banda nikilia. Hakumgusa. Alimsukuma kwa mti mpaka kwenye gunia, akalifunga, akalichimbia shimo refu kuliko la paka, kisha akanawa kwa sabuni, akarudia, akarudia tena, akaniambia nami nikanawe kwa kuwa nilikuwa nikimpakata. Nilikasirika. Nikafikiri, jinsi gani mtu anaweza kumwonea kinyaa paka wake namna hii. Toka siku ile banda likawa na mlango unaofungwa, na hatukufuga paka mwingine.

Miaka ikapita. Nikasoma, nikawa muuguzi, nikapangiwa Iringa. Uhuru ulikuwa umeshapatikana, nami nilikuwa na mtoto mchanga nyumbani, siku alipoletwa wodini mzee mmoja aliyekuwa akitapika damu. Viganja vyake vilikuwa vigumu, vimejaa vinundu. Daktari alimwuliza kazi aliyokuwa akifanya, akasema alilowanisha ngozi kwa mnunuzi fulani miaka mingi. Daktari akauliza kama zilitiwa dawa. Mzee akasema ndiyo, ile ya mapipa, ya wadudu. Daktari akatugeukia sisi wauguzi akatufundisha pale pale kitandani, kwamba ile dawa ni aseniki, sumu kali, isiyo na rangi wala ladha, kwamba humwingia mtu kidogokidogo kupitia mikono na mdomo, na kwamba mnyama akiilamba kwenye manyoya yake huanza kwa kutapika. Nilikuwa nimeshika beseni. Liliniponyoka.

Nilipopata likizo nilikwenda Tukuyu, ingawa nilikuwa nimechelewa. Kaka yake Mama Mdogo alinipokea kwa heshima, hakunijua. Dada yake alikuwa amefariki masika yaliyopita kwa homa ya mapafu. Hakuolewa tena, alisema, habari ilifika huku juu kabla yeye hajateremka kwenye lori. Huko Unyakyusani msibani wanawake hupika pamoja, na mwanamke bila nafasi kwenye mafiga ni kama hayupo. Miaka yote ile, kukiwa na msiba, dada yake aliruhusiwa kuleta kuni. Kuni tu. Hata maji ya kupikia hawakutaka ayateke yeye. "Alikuwa akifika wa kwanza na mzigo mkubwa kuliko wote," alisema kaka yake, "anauweka chini, anakaa mbali." Nilimwachia sukari na kitambaa nilivyomletea marehemu. Sikumwambia mimi ni nani. Sikuwa na ujasiri huo, na sijui kama ningeupata hata ningalimkuta hai.

Kutoka huko nilipitia nyumbani Mbeya. Shangazi alikuwa ameshakufa zamani, kwa amani zake, watu wakimsifu. Baba alikuwa mzee, ameacha ngozi, anakaa barazani na kofia yake akiota jua. Nilikuwa nimejiandaa kumfundisha. Nilikuwa nimeipanga njia nzima, jinsi nitakavyomweleza kuhusu dawa ile, na jinsi atakavyoshtuka, na jinsi tutakavyolia pamoja kwa kumdhulumu mtu bila kujua. Nikaanza. Sikufika nusu.

"Nilijua," alisema Baba. "Yule paka alikuwa analala kwenye ngozi. Mkaguzi alinionya tangu siku ya kwanza, mnyama asiingie mle."

Nilidhani sikumsikia sawasawa. "Siku ile ya hitima ulijua?"

"Nilimwangalia, nikajua."

"Baba, kwa nini hukusema?"

Nakiri kwamba hakukwepa. "Dada alikuwa ameshasema mbele za watu," alisema. "Ningemfanya mwongo?" Kisha, polepole, kama mtu anayekumbuka jambo la kumsaidia: "Na wewe pia ulikuwa umeshasema."

Tangu nikiwa na miaka tisa mpaka siku ile niliamini kwamba mimi ndiye niliyemfukuza Mama Mdogo, kwamba kama ningesema "ndiyo, tulisaga pamoja," angebaki, angezaa, angepika mpaka azeeke. Nilikua na hatia hiyo, nikaolewa nayo, nikaichukua wodini. Pale barazani nilielewa kwamba hata ningeapa kwa msahafu isingesaidia kitu, maana aliyekuwa na neno la kumwokoa alikuwa amekaa kwenye kiti akilificha, na mimi niliitwa kusimama katikati ili yeye asiitwe. Mngedhani nilipata unafuu. Niliondoka bila kunywa chai, na njia nzima ya kurudi Iringa nilikuwa nikiitamani ile hatia yangu ya zamani, kwa sababu nilipokuwa nayo nilimpenda baba yangu.